Chuma cha Tatu pale Lyamgavi

Mwaka 1956 Lutengano alikuwa msaidizi wa mpimaji ardhi mmoja wa kujitegemea, Mwingereza aliyekuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Mbeya, na alikuwa hajatumwa kazi peke yake hata siku moja. Mwezi wa Novemba mgongo wa bwana huyo ulikaza, akalala chali siku tisa. Mezani kwake ilikuwepo barua kutoka Lyamgavi, kijiji cha huko juu ya Mafinga, iliyokuwa inasubiri tangu Agosti. Bwana alisomewa barua hiyo akiwa anatazama dari.

"Pembetatu moja," alisema. "Siku mbili. Nenda wewe."

Lutengano alilichukua neno hilo kama sifa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Rungwe, amepanga chumba mtaa wa Ilomba. Mali yake kubwa ilikuwa kitabu cha logi, chenye majedwali ya hesabu, alichokivalisha jalada la kaki. Watu wengi aliosoma nao walipenda pembetatu zenye pembe mraba, kwa kuwa ni rahisi. Yeye alipenda zile zisizokuwa nayo, zilizolala ovyo kama mashamba yenyewe yalivyolala. Aliamini kwamba pembetatu haiwezi kumdanganya mtu: ukishajua vitu vitatu vyake, vilivyobaki vinatoka vyenyewe.

Alipewa Asukile wa kushika cheni ya kupimia. Asukile alikuwa wa umri wa baba yake. Aliburuta cheni ya wapimaji tangu mwaka 1928, hakujua kusoma, na hakuwa na desturi ya kusema jambo asiloulizwa. Walipanda basi mpaka Mafinga, wakalala hapo kwenye harufu ya mbao mbichi, na asubuhi wakapanda mlima kwa miguu. Asukile alibeba tiodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kwenye sanduku lake mgongoni. Lutengano alibeba kitabu cha logi.

Mchungaji Timotheo, wa usharika wa Kilutheri wa Lyamgavi, aliwapokea kwa chai na viazi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye haraka. Usharika wake ulitaka kujenga shule na kulima shamba la kuwalisha wanafunzi, na kwa ajili hiyo ilibidi mpaka wa kiwanja ujulikane. Jumbe Kalinga naye alikuwepo, kwa sababu mpaka ukijulikana kuna mtu hulia, na anayelia huenda kwa jumbe.

Mchungaji alitoa hati ya kiwanja ya mwaka 1931. Mchwa walikuwa wameila. Mchoro wote ulikuwa umekwenda, pamoja na nusu ya chini ya orodha ya vipimo. Mistari waliyoiacha mchwa ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulisema kwamba kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye chuma cha mlimani ni yadi 500. Wa pili ulisema kwamba pembe ya pale kwenye jiwe, kati ya mstari wa kwenda mlimani na mstari unaofuata ukingo wa bonde, ni digrii 32. Wa tatu ulisema kwamba kutoka chuma cha mlimani mpaka chuma cha tatu ni yadi 300.

"Jiwe lipo?" Lutengano aliuliza.

"Lipo. Lina msalaba uliochongwa juu yake."

"Chuma cha mlimani?"

"Kipo."

"Na cha tatu?"

Mchungaji alimtazama jumbe. Jumbe Kalinga aliweka kikombe chini.

"Kilikuwa chuma kizuri," alisema. "Nadhani sasa ni jembe."

"La nani?"

"Hapa kuna majembe mengi."

Lutengano hakujali. Pande mbili na pembe moja zilikuwepo, na hivyo ni vitu vitatu. Alifungua kitabu cha logi palepale mezani, akaandika namba zake kwenye daftari kwa penseli iliyochongwa vizuri, akajumlisha, akatoa. Pembe ya pale kilipokuwa chuma cha tatu ilitoka digrii sitini na mbili na dakika mbili. Kutoka hapo alipata umbali wa jiwe mpaka chuma cha tatu kwa kufuata bonde: yadi 565. Kiwanja chote kilikuwa karibu ekari kumi na tano na nusu. Mchungaji alirudia namba hiyo kwa sauti, halafu akaomba wasali.

Mchana huo walikwenda kupima. Bondeni kulikuwa na matope na vinyungu vya watu vya mboga, kwa hiyo Lutengano alipanga mstari wake ukingoni kwa tiodolaiti, akaufuata kwa taabu, na yadi ya 565 ikaangukia juu ya kituta, mwinuko mdogo nje kidogo ya shamba la pareto. Akapigilia kigingi. Kisha, kama alivyofundishwa, akahakikisha. Walishuka na cheni kutoka chuma cha mlimani mpaka kigingini, na ikawa yadi 299 na futi mbili, futi moja tu pungufu ya zile mia tatu za hati.

"Imefunga," Lutengano alisema.

Wazee wa usharika walipiga makofi, ingawa hawakujua ni nini kilichofungwa.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mwisho wa shamba la pareto na kikapu cha maua mkononi. Alikuwa Rozalia, mjane wa Kikatoliki wa umri wa miaka hamsini hivi. Aliwaacha wengine wapite, akamjia Lutengano.

"Kamwene," alimsalimia kwa lugha ya huko.

"Kamwene, mama."

"Hicho ulichopigilia ni nini?"

"Ni kigingi cha mpaka, mama."

"Mpaka wa nani?"

"Wa kanisa la Walutheri."

Rozalia alikitazama kigingi, akalitazama shamba lake lote lililokuwa upande wa ndani, akaitazama na miguu yake.

"Na mimi niko wapi?"

Lutengano aliangalia daftari.

"Uko ndani," alisema.

Rozalia alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba shamba hilo alililima na mume wake tangu mwaka 1935. Mume wake, marehemu Liberatus, ndiye aliyekibeba chuma cha tatu begani siku kilipowekwa, akiwa kibarua wa mpimaji. Kilichomekwa kule chini karibu na chemchemi, na Liberatus alimwonyesha mahali penyewe zaidi ya mara moja, kwa sababu alikuwa mtu wa kuonyesha vitu.

"Mama, hesabu imefunga," Lutengano alisema.

"Mume wangu naye hakuwa mwongo," Rozalia alisema, akaenda kuanika maua yake.

Usiku ule mvua ya kwanza ya maana ikanyesha, na asubuhi mchungaji hakutaka kuipoteza. Lutengano alikuwa mezani akiandika taarifa yake aliposikia majembe. Alitoka barazani akaona wanaume kumi na wawili wa usharika wameingia kwenye pareto kwa mstari mmoja, wakiimba, wanang'oa mashina na kuyarusha pembeni ili wapande mahindi. Walifanya kazi vizuri sana. Rozalia alikuwa ameketi juu ya kikapu kilichofudikizwa, anawatazama kama mtu anayengoja zamu yake kwenye mashine ya kusaga. Baada ya muda akainuka, akaja mpaka barazani.

"Wewe jana ulipima pa mchungaji," alimwambia Lutengano. "Pangu hujapima."

"Hakuna haja, mama. Chuma kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili."

"Basi lako linaondoka saa ngapi?"

"Kesho."

"Kumbe nafasi unayo."

Lutengano alimwita Asukile. Alikwenda kwa nia njema: alitaka mama yule aone mwenyewe kwamba namba zinamkatalia, ili moyo wake upoe. Walianzia chuma cha mlimani wakaburuta cheni kuteremka kuelekea chemchemi. Rozalia alitangulia, akasimama mahali penye majani mafupi, akakanyaga kwa kisigino.

"Hapa."

Asukile aliita kipimo. Lutengano akamwambia arudie. Asukile akarudia. Ilikuwa yadi 300 na futi moja.

"Inatokea," Lutengano alisema. "Mtu anaweza kubahatisha umbali. Pembe haibahatishwi."

Alimwacha Rozalia pale na fimbo ya rangi mbili, akamfundisha namna ya kuisimamisha wima, akaenda kufunga tiodolaiti juu ya jiwe. Aliigeuza mpaka chuma cha mlimani, akasoma. Kisha akaigeuza digrii thelathini na mbili kamili kuelekea bondeni na kuinamia kioo. Aliiona fimbo ya Rozalia imekaa sawasawa kwenye uzi mwembamba wa kulengea. Nyuma ya fimbo, juu kidogo, kwenye kituta, alikiona kigingi chake mwenyewe. Vilikuwa vimesimama kwenye mstari mmoja, kimoja mbele ya kingine.

Alifuta kioo kwa kitambaa. Bado vilikuwepo.

Lutengano aliketi kando ya jiwe na kufungua kitabu cha logi kwenye kurasa za saini za pembe, zile namba za kukokotolea pande. Kurasa hizo zinaanza na sifuri na kuishia kwenye digrii tisini, kwa kuwa hakuna haja ya kuendelea. Ukitaka saini ya pembe pana, tuseme ya mia na kumi na nane, unaitoa pembe hiyo kwenye mia na themanini, unapata sitini na mbili, unasoma hapo. Saini ya zote mbili ni ileile. Lutengano alijua hilo tangu darasa la kumi. Aliijua njia hiyo ya kwenda, lakini hakuwahi kufikiri kwamba inarudi. Kitabu kilipompa sitini na mbili, kilikuwa kimempa pia mia na kumi na nane, ila hakikumwambia, na yeye hakukiuliza.

Akahesabu upya kwa pembe ile pana. Kutoka jiwe mpaka chuma cha tatu: yadi 283. Ekari saba na robo tatu. Pembetatu hiyo nayo ilifunga. Pande mbili zilikuwa zilezile na pembe ilikuwa ileile, na kati ya pembetatu ndogo na ile kubwa lilikuwemo shamba zima la Rozalia, wala halikuzidi.

Akakumbuka kwamba majembe bado yanasikika.

Asukile alisimulia baadaye kwamba katika miaka ishirini na minane ya kazi hiyo hakuwahi kumwona mpimaji akikimbia. Lutengano alipanda kile kituta matope yakimfika magotini, anapunga kitabu cha logi na kupiga kelele, "Acheni! Acheni jamani!" Waliokuwa wanang'oa waliacha, kwa sababu walidhani kuna nyoka. Walikuwa wameshamaliza nusu ekari.

Mchungaji Timotheo aliitwa. Jumbe naye akaja bila kuitwa.

"Umekosea hesabu?" mchungaji aliuliza.

"Sikukosea, mchungaji. Hesabu ni sahihi."

"Basi mama huyu ndiye amekosea."

"Yeye naye yuko sahihi."

Mchungaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa amezoea kujibu watu wenye mashaka, lakini hao kwa kawaida walikuwa na mashaka ya upande mmoja.

"Kijana wangu," alisema, "ukweli ni mmoja."

"Ndiyo, mchungaji. Pembetatu ndizo mbili."

Aliomba kamba. Alichora mstari mrefu kwenye udongo ulioloa, akachomeka kijiti kando yake, akafunga kamba kwenye kijiti na kumpa Asukile ncha. Asukile aliivuta ikakaza, akaizungusha taratibu. Ncha ya kamba ikavuka mstari, ikapita ng'ambo, ikarudi kuvuka tena mbele zaidi.

"Kijiti ni chuma cha mlimani," Lutengano alisema. "Kamba ni zile yadi mia tatu. Mstari ni ukingo wa bonde. Hati inasema chuma cha tatu kiko kwenye mstari, mwisho wa kamba. Haisemi ni pale pa kwanza au pale pa pili. Iliyokuwa inasema ni ile sehemu iliyoliwa."

Jumbe Kalinga aliinama akaiangalia michoro hiyo kwa muda mrefu.

"Ni mbuzi aliyefungwa karibu na njia," alisema hatimaye. "Anavuka kwenda, anavuka kurudi."

"Ndivyo hasa, jumbe."

"Jana ulilijua hilo?"

Lutengano alihisi masikio yanapata moto.

"Jana niliona sehemu moja tu," alisema. "Niliipenda, nikaacha kutazama."

 Mmoja wa wazee wa usharika, aliyekuwa bado ameshika shina la pareto, aliliweka chini polepole ili lisimame, likaanguka.

"Sasa mimi nifanye nini?" jumbe aliuliza. "Nimwandikie Bwana D.C. wilayani kwamba Lyamgavi kuna pembetatu mbili, naomba achague?"

"Chupa," Asukile alisema.

Wote walimgeukia. Ilikuwa mara yake ya kwanza pale kusema neno ambalo si kipimo.

"Zamani tukiweka chuma, tunachimba kwanza," alieleza. "Tunazika chupa, mdomo chini, tunamwaga mkaa juu yake, tunafukia. Halafu ndiyo tunachomeka chuma. Kwa sababu chuma kinaibiwa. Chupa ya futi tatu chini, nani ana kazi nayo? Wapimaji wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Huyo wa hapa sikufanya naye kazi, lakini nadhani alifanya."

"Mzee Asukile," Lutengano alisema, "kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana ulikuwa unahesabu."

Jumbe aliamua wachimbe mahali pote pawili kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa aliwajua watu wake, aliamua Wakatoliki wachimbe kwenye kigingi cha kanisa la Walutheri, na Walutheri wachimbe kwa Rozalia, ili asije mtu akasema chupa ililetwa mfukoni. Wakatoliki wanne walitafutwa. Mchungaji alivua koti, akashuka mwenyewe kwenye chemchemi na wazee wake watatu. Rozalia alipanda kukaa karibu na kigingi, kutazama Wakatoliki wenzake wakichimba mahali asipopataka.

Kwenye kituta walichimba mpaka kifuani. Walitoa udongo mwekundu, kisha udongo wa njano, kisha fuko mmoja aliyekuwa hai na aliyekwenda zake. Chini ya hapo wakakuta mwamba, na mwamba haujawahi kuzikwa na mtu.

Kwenye chemchemi shimo lilijaa maji, wakayateka kwa ndoo, likajaa tena. Mchungaji alikuwa ndani ya shimo kwa zamu yake wakati jembe lilipotoa udongo mweusi. Aliushika, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa mkaa. Alipiga magoti ndani ya maji, akaendelea kwa mikono, na futi mbili na nusu chini vidole vyake vikagusa kitu laini cha mviringo. Lilikuwa tako la chupa ya kijani.

Wazee watatu waliokuwa juu walimtazama. Hapakuwa na Mkatoliki hata mmoja karibu. Mchungaji alikuwa peke yake ndani ya shimo la maji machafu, kiganja chake kikiwa juu ya chupa, na angeweza kusema kwamba ni jiwe. Lutengano, aliyekuwa anateremka na daftari, alimkuta katika hali hiyo, na baadaye alisema kwamba mchungaji alikaa hivyo kwa muda wa kusema Baba Yetu polepole.

"Jumbe aitwe," mchungaji alisema. "Na mama Rozalia. Ni chupa."

Walikuja wote. Asukile aliingia shimoni, akapapasa, akathibitisha kwamba mdomo uko chini. Hakuitoa. Lutengano alisimamisha fimbo juu yake, akapima mara tatu, akaandika. Rozalia aliitazama chupa ile ambayo mume wake labda aliiona ikizikwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulibadilika kidogo. Aligeukia bondeni mpaka ukarudi kama kawaida.

"Mama Rozalia," mchungaji alisema. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka kiunoni. "Nilisema ukweli ni mmoja. Ni mmoja kweli. Ila haukuwa wangu. Tumekukosea."

"Nusu ekari," Rozalia alisema.

"Tutaipanda upya."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Pareto hupandwa kwa kupasua mashina, na mashina yalikuwa yamelala kwenye rundo tangu asubuhi, mengine yameanza kunyauka. Wanaume kumi na wawili walirudi kwenye shamba lilelile, safari hii bila wimbo. Rozalia alipita nyuma yao akiwaonyesha namna ya kupasua, shina la kuweka na shina la kutupa. Lutengano naye akakunja suruali. Hakuambiwa na mtu. Basi la kesho liliondoka bila yeye, na la keshokutwa pia. Alipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote pale Lyamgavi, lakini alipanda juujuu mno, na Rozalia alimwambia hivyo, akapanda upya, bado juujuu.

Jioni ya siku ya pili alimfuata Rozalia alipokuwa ananawa mikono.

"Mama, naomba unisamehe."

"Kwa lipi? Si ulisema hesabu yako ni sahihi?"

"Ilikuwa sahihi. Niliifanya nusu."

Rozalia alikung'uta maji mikononi.

"Nimesikia," alisema, akaingia jikoni. Lutengano alisimama pale kidogo, akingoja kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Lakini sahani ya maharage ilitoka, ikaletwa na binti yake Apolonia, na ilikuwa imejaa.

Mbeya, bwana alikuwa ameanza kuketi. Alisoma taarifa yote akiwa ameegemea mito miwili. Lutengano alikuwa ameandika kila kitu: jibu la kwanza, kigingi, makofi, nusu ekari, jibu la pili, chupa. Bwana alisoma ukurasa wa makofi mara mbili.

"Ungeweza kuandika jibu la pili tu," alisema. "Nisingejua."

"Ndiyo, bwana."

Bwana alifunga daftari. Akamwambia Lutengano alete majalada yote ya miaka minane iliyopita, aketi sakafuni, na atafute kila kazi ambayo pembetatu ilijulikana kwa pande mbili na pembe isiyo kati ya pande hizo. Ilimchukua Lutengano wiki mbili. Zilipatikana kazi sita. Katika tano, jibu la pili lisingewezekana, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza na kamba ilivuka mstari mara moja tu. Katika ya sita liliwezekana vizuri kabisa, na halikuwa limeandikwa. Lilikuwa shamba la miti ya miwati la Mzungu mmoja upande wa Njombe. Sahihi ya chini ilikuwa ya bwana mwenyewe.

"Mgongo wangu hauwezi barabara ile," bwana alisema.

"Nitakwenda mimi, bwana."

Walisafiri mwezi wa Julai uliofuata, yeye na Asukile, wakati wa baridi kali. Walizungukia Mafinga kwa matakwa ya Lutengano, na walipofika hapo alfajiri basi la Njombe lilikuwa limeharibika mpaka kesho yake, na Lutengano akasema wapande Lyamgavi. Asukile hakuuliza kwa nini.

Walimkuta Rozalia anapalilia. Alimsalimia Asukile kwanza, wakaulizana habari za nyumbani kwa kirefu, kisha akamgeukia Lutengano na kumpeleka kwenye ile nusu ekari. Pareto ilikuwa imeshika, nyeupe kwa maua, ila mistari miwili ilikuwa na mapengo.

"Hiyo ni yangu," Lutengano alisema.

"Nani mwingine anapanda kama anaandika?"

Alimpa jembe. Walipalilia wote watatu mpaka jua lilipofika utosini na ukungu ukaisha. Ng'ambo ya mpaka kuta za shule zilikuwa zimefika madirishani, na mchungaji Timotheo alipunga mkono akiwa juu ya ngazi. Rozalia alimjibu kwa kuinua kichwa. Kisha akawapakulia ugali na maharage uani, akaketi nao.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

"Njombe," Lutengano alisema. "Kuna mtu lazima aambiwe kwamba mpaka wake uko mahali pasipo pake."

"Anajua?"

"Bado."

Rozalia aliisogeza sahani ya maharage upande wa Lutengano.

"Basi kula," alisema.